Nyumba ya Futi Thelathini na Mbili

Jumanne, 6 Mei

Samahani, daftari. Nimekaa muda mrefu mno bila kukuandika. Mara ya mwisho Boone alikuwa bado tumboni. Sasa ana miezi kumi na meno manne. Si kwamba nilikusahau. Ulikuwa juu ya friji, chini ya sahani za karatasi, na kila nilipokuona niliona aibu nikageuza uso. Mama mkwe wangu, Verla, ndiye aliyenipa wewe siku ya harusi ili niandike mapishi. Nimeandika pishi moja tu, la maharage, na ukurasa wenyewe umemwagikiwa maharage.

Naanza upya kwa sababu nimepata wazo. Tena wazo kubwa!

Kwa ufupi. Mume wangu Wade anachomelea mabomba ya gesi. Tangu Januari yuko Dakota ya Kaskazini, mwendo wa siku mbili kutoka hapa Oklahoma. Pasaka alikuja siku tatu. Akamnyanyua Boone. Boone akamtazama, akanitazama mimi, akaangua kilio kana kwamba nimemkabidhi kwa msoma mita. Wade alicheka. Kisha akaenda gereji akakaa dakika kumi, eti anatafuta bisibisi. Bisibisi alikuwa ameishika.

Kwa hiyo tunauza nyumba. Tunanunua trela la kuishi, lenye jiko, choo na vitanda. Alipo Wade, na nyumba ipo. Boone atamwona baba yake kila jioni mpaka amzoee, mpaka amchoke! Sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kulifikiria hili.

Wade nilimweleza kwa simu wiki ile ile. Dakika ishirini, kwa mpangilio. Akasema, "Sawa, mpenzi, utakavyoona." Kisha akakoroma. Mimi nimehesabu ile sawa, mkoromo sikuuhesabu. Na karatasi za nyumba baadaye alizitia sahihi kwenye simu yake mwenyewe, akiwa macho kabisa. Wanunuzi wamepatikana: mwalimu wa hesabu na mkewe. Wanaingia tarehe 16.

Leo nimemwambia Verla. Anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi. Alinisikiliza mkoba ukiwa magotini, kama mtu anayengoja daktari. Aliuliza jambo moja tu: kama nimemuuliza Wade bomba limefika wapi. Nikamwambia kazi inakwenda vizuri ajabu, zimebaki maili thelathini tu, wanakimbia kama moto. Akasema, "Thelathini." Nikasema ndiyo, thelathini! Akafunga zipu ya mkoba.

Namjua huyu. Hataki wajukuu waondoke. Kila neno lake ni breki.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa stika. Nyekundu: kuuza. Bluu: kubaki nacho. Njano: bado nafikiri. Kufikia saa nne asubuhi nyumba nzima ilikuwa ya njano. Nikajikaza, nikabandua njano zote, nikabandika nyekundu. Mtu anayehamia kwenye trela hana nafasi ya kufikiri.

Binti yangu Tess, wa miaka minne, akaikuta karatasi ya stika za bluu. Akabandika friji, ngazi, mlango wa chumba chake na paka wa jirani. Nikazibandua moja moja. Boone alikuwa na nyekundu kisogoni. Hiyo nayo niliibandua.

Mchana, mazoezi. Trela lina futi thelathini na mbili kwa nane. Nikalichora kwa chaki kwenye zege la kuegeshea gari mbele ya nyumba: jiko hapa, choo hapa, vitanda kule, mlango huu. Nikaingiza watoto. Nikatangaza kwamba tutaishi humo hadi saa kumi na moja, na hakuna kupita ukutani.

Tulikula mkate na siagi ya karanga jikoni. Boone alipita ukutani mara kumi na tisa. Tess akauliza baba atakaa wapi, nikamwonyesha, akaenda kukaa pale yeye, eti anamshikia nafasi. Mtu wa posta akasimamisha gari, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko nyumbani kwangu.

Verla akavuka barabara na bakuli la tambi na jibini. Akapita katikati ya choo! Nikamwambia mlango uko upande ule. Nilidhani atanicheka. Akarudi nyuma, akazunguka, akasimama mbele ya mlango wa chaki, akagonga hewani. "Hodi, wenyewe mpo?" Tess akakimbia kumfungulia. Verla akaingia, akaangalia huku na huku, akasema jiko liko mbali mno na dirisha, mvuke wa maharage utanitesa. Kayajulia wapi hayo? Akakaa nasi saa nzima, kwenye kiti cha kukunja, katikati ya kitanda changu.

Saa kumi mvua ikanyesha. Nyumba ikatiririka hadi barabarani. Kwa jumla mazoezi yamefaulu.

Jumamosi, 10 Mei

Gulio la uani! Bango nililichora mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango: VYOTE VINAUZWA. Herufi kubwa kama ng'ombe.

Tangazo lilisema saa mbili. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa wameshafika, wanamulika vitu vyangu kwa simu, mimi bado nimevaa nguo za kulalia. Mzee mmoja alibishania taa mbovu nusu saa. Anataka nipunguze kwa sababu ni mbovu. Nikamwambia ubovu ulishatolewa kwenye bei, babu, hauwezi kutolewa mara mbili. Akacheka, akainunua.

Kuanzia saa tatu, muujiza. Akina mama wa kanisani kwa Verla walikuja mmoja mmoja. Opal alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kubembea. Hakukikalia hata kukijaribu. Nadine akachukua kitanda cha mtoto; Nadine ana miaka sabini na mmoja! Mwingine saa ya ukutani. Mwingine mfarishi wa viraka. Mwingine kikaango cha chuma. Wa mwisho akabeba boksi zima la Krismasi bila kulifungua. Hakuna aliyebishana. Nimegundua nina kipaji. Nadhani ni namna ninavyosimama.

Verla hakuvuka. Alishinda kibarazani kwake akimenya mbaazi mbichi, hata hatazami huku. Nilimpungia mkono. Akanipungia kwa ganda.

Kufikia saa saba hapakubaki kitu. Bango sikulitupa, nimeliegesha nyuma ya gereji ya Verla. Huwezi kujua.

Nyumba sasa inatoa mwangwi. Tess ameligundua hilo, anasimama katikati ya sebule anaita "Baba!" na sebule inamjibu. Ameita na kuita mpaka nikamwambia basi. Kwa upole. Kisha kwa ukali.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Akina Mama. Tess amenizawadia kijiko. Ni chetu, tulikuwa tumebakiwa na vinne. Nimekipokea kama kipya.

Wade alipiga simu baada ya chakula cha mchana, siku yake ya kupumzika. Akanitakia heri. Akasema ametukumbuka, akalala katikati ya neno. Sikukata. Nikaiweka simu dirishani, nikakunja nguo zote za watoto huku anakoroma. Ilikuwa kama yuko chumba cha pili. Nguo zilipokwisha nikazikunjua, nikazikunja tena.

Jumatano, 14 Mei

Trela limefika! Wazee waliotuuzia wameishi humo miaka tisa. Mzee alilivuta kwa pikapu yake kubwa, akaliegesha mbele ya nyumba taratibu kama anayeweka yai. Lina mapazia. Lina kitufe: ukikibonyeza, upande mmoja wa sebule unajisukuma nje na chumba kinakuwa kipana. Nimekibonyeza mara sita.

Mzee akauliza gari la kulivuta liko wapi. Nikamwonyesha. Gari langu dogo, la kijivu, lenye viti viwili vya watoto nyuma na makombo kila mahali. Mzee akavua kofia. Hapa kwetu wanaume huvua kofia mbele ya bendera na mbele ya jeneza. Akanieleza polepole, kama anayezungumza na mfiwa, kwamba trela la aina hii halifungwi nyuma ya gari. Shingo yake hulala ndani ya pikapu, katikati, juu ya magurudumu. Akauliza mume wangu hana pikapu? Anayo! Iko wapi? Dakota ya Kaskazini.

Akavaa kofia. Akaondoka na pikapu yake.

Kwa hiyo nina nyumba mbili. Moja si yangu kuanzia keshokutwa, na nyingine haiendi.

Ijumaa, 16 Mei

Tumehama. Mita arobaini.

Verla alimpigia simu mume wa Opal, mwenye pikapu ya kuvutia ng'ombe. Jamaa akalifunga trela, akalifungua, akatukana kidogo, akawaomba radhi watoto, akafunga tena. Kutufikisha Dakota hawezi, ana ndama. Kuvuka barabara anaweza. Sasa tuko ubavuni mwa nyumba ya Verla. Nikabonyeza kitufe kumwonyesha jinsi sebule inavyotoka. Ikatoka! Ikakilaza chini kichaka chake cha waridi. Verla akasema hata hivyo waridi lile lilikuwa na kiburi.

Wade atapata siku chache mwisho wa mwezi, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi. Atakuja kutuvuta. Mpango haujaharibika, umechelewa tu.

Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na dirisha la jikoni kwangu. La zamani. Mke wa mwalimu ameweka pazia la manjano. Anaosha vyombo saa ile ile ninayoosha mimi. Leo amenipungia mkono. Nikajifanya nafuta kioo.

Jumanne, 20 Mei

King'ora, saa kumi na moja jioni. Anga limekuwa la kijani. Nikambana Boone kwapani kama mkate, Tess nikamshika mkono, tukakimbilia kwenye handaki la Verla, kwa sababu hapa hata mtoto mdogo anajua kwamba kimbunga kikija, cha kwanza kubebwa ni trela. Jambo hilo sikuwa nimeliweka kwenye mpango.

Sikuwahi kuingia handaki lake. Verla akavuta mlango wa chuma, akawasha taa.

Kiti changu cha kubembea. Saa yangu. Kikaango. Mfarishi. Kitanda cha Boone. Boksi la Krismasi. Vyote vimepangwa kama dukani, stika nyekundu bado ziko juu yake!

Nikamuuliza hivi ni nini. Akasema, "Vitu." Nikamwambia naona ni vitu, Bi Verla, ni vitu vyangu. Akasema si vyako tena, umeviuza, na jioni yake ulinipigia simu kujisifu. Juu yetu mlango unagongwagongwa na upepo, chini sisi tunabishana. Kisha akaniambia, taratibu tu, kwamba yeye ameishi kwenye trela miaka kumi na moja. Alikuwa akimfuata marehemu mumewe, fundi wa mabomba kama mwanawe. Wade alijifunzia kutembea kwenye ujia wa futi sita.

Sikuwa najua! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Lini, binti? Ulinyamaza lini?" Kisha akasema kila alichouza yeye siku alipohamia trelani alikuja kukitafuta baadaye, na hakukipata hata kimoja. "Nikaona hivi vyako nivikalie mimi."

Nilikasirika sana. Nikakaa kwenye kiti cha kubembea, nikakasirika huku nabembea. Boone akalala kifuani kwangu. Tess akauliza kama ni Krismasi.

Kimbunga kilipita kaskazini. Tulipotoka trela lilikuwepo. Na waridi limeinuka. Kiburi kweli.

Jumatatu, 26 Mei

Wade alifika Jumamosi. Akalifunga trela kwa dakika nane. Boone alimwona akalia, lakini alilia kwa muda mfupi kuliko Pasaka. Nilipima kwa saa.

Leo tumeondoka. Wade mbele na trela, mimi nyuma na gari dogo na watoto. Verla alitufungia chakula cha njiani cha watu ishirini. Akasema vitu vya handakini vitabaki pale pale mpaka tuwe na sakafu. Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa uthabiti, kwamba hatutavihitaji. Nikiwa nafunga mikanda ya watoto, nikamwona anamuuliza Wade jambo kando ya pikapu. Wade akatazama viatu vyake.

Verla alipoinama kumbusu Tess dirishani, Tess akamkumbatia shingoni, akambandika stika ya bluu mgongoni. Verla hakujua. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, amesimama katikati ya barabara anapunga. Kisha akageuka kurudi kwake, na ile bluu mgongoni. Nilitaka kumpigia simu aitoe. Sikupiga.

Alhamisi, 29 Mei

Dakota ya Kaskazini! Upepo tu. Kambi iko nje ya mji mdogo, matrela arobaini na zaidi, karibu yote ya mafundi wa bomba. Majirani! Wanawake wa kuzungumza nao! Kamba za nguo!

Mwenye kambi, Bi Ardith, aliuliza nalipia wiki au mwezi. Nikauliza nafuu ni ipi. Akasema nafuu kabisa ni msimu mzima, ila ukishalipa hakuna kurudishiwa. Nikalipa msimu! Hadi Septemba! Akanitazama juu ya miwani. "Una hakika, mpenzi?" Nikamwambia mimi ni mtu wa mipango. Wade sijamwambia. Nataka kumshtukiza.

Boone: siku ya kwanza, kilio. Jana alimkazia macho. Leo Wade amerudi na vumbi la chuma kwenye nyusi, Boone akamtambalia, ujia mzima, akakumbatia buti. Wade hakusogea. Alisimama hapo hapo mlangoni, buti moja ndani, moja nje, robo saa nzima. Chakula kikapoa. Nilikipasha moto mara mbili na sikusema neno.

Jumapili, 1 Juni

Jirani wa kushoto anaitwa Jonelle. Ametandaza majani ya plastiki mbele ya trela lake na kuweka bata wa saruji. Bata ana kofia. Nami nimetandika zulia la bafuni mbele ya mlango wetu na kuweka kiatu cha mvua chenye ua. Mapambo yake ni makubwa zaidi. Yangu yana moyo.

Leo amenifundisha kumwaga tangi la choo. Sitaki kuandika yaliyotokea. Nilivuta mpini kabla ya kufunga mpira wa kupitishia uchafu. Ua halipo tena, na bata amebadilika rangi.

Tukiwa tunaosha bata, akauliza tumelipia hadi lini. Nikasema Septemba, kwa sauti ya kawaida. Akaacha kuosha. Akasema, "We! Nani huku analipia zaidi ya wiki?" Akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka, akaniambia nimletee sabuni.

Wivu. Ni hilo tu.

Alhamisi, 5 Juni

Bomba limekwisha.

Nasema limekwisha! Leo wamechomelea kiungo cha mwisho, wamepiga picha, wamepeana mikono. Zile maili thelathini zilikuwa ndiyo kazi yote iliyobaki, na mimi nilizishangilia. Kazi inayofuata ni Virginia Magharibi, Jumatatu asubuhi. Kambi za huko zimejaa zote. Wade atalala kwenye pikapu na mwenzake mpaka apate nafasi ya trela. Wiki mbili, anasema. Labda tatu. Labda.

Ikabidi nimwambie kuhusu Septemba. Akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akasema alidhani najua kwamba bomba huisha, mke mzima wa fundi wa bomba! Nikamuuliza mbona hakusema, aliponiona nauza hadi vijiko? Akachuna rangi ya ngazi kwa ukucha. Kisha akasema alijua nisingekuja kama angesema.

"Nilitaka hata siku kumi, Marlee. Nikasema zikiwa kumi, basi."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nikayaweka. Nikamletea Boone amshike.

Jumapili, 8 Juni

Wade ameondoka jana asubuhi.

Boone alilia. Alilia vibaya, mikono mbele, mwili mzima unavuta kuelekea kule, mpaka pikapu ikapita lango la kambi na hata baada ya hapo. Nilifurahi sana. Nilisimama pale nimefurahi, kamasi zinanitoka. Pasaka alilia kwa sababu baba amekuja. Jana amelia kwa sababu baba anaondoka. Naliandika hapa lisipotee.

Matrela mengine nayo yameondoka, moja nyuma ya jingine. Jonelle alikunja majani yake ya plastiki kama mkeka, akampakata bata, akanikumbatia. Akasema tutaonana kwenye bomba fulani. Tumebaki sisi na mzee mmoja mwenye mbwa kiziwi. Uwanja mzima ni koki za maji na nguzo za umeme, moja moja kila nafasi, zimesimama kama watu waliofika kwenye sherehe wakakuta ilikuwa jana. Bi Ardith ananipungia mkono kutoka ofisini. Hasogei karibu. Anaogopa nitaomba nirudishiwe.

Nyumba yangu ina magurudumu manne na haiwezi kunipeleka hata dukani.

Nimekaa, nimefikiri. Na kosa nimeliona! Kosa ni trela. Kitu chenye magurudumu ambacho lazima kivutwe si nyumba, ni mzigo. Kinachotakiwa ni ile nyumba yenye injini yake, usukani mbele, kitanda nyuma. Nauza trela, nanunua hiyo, naendesha mwenyewe hadi Virginia Magharibi kabla Wade hajanawa mikono. Nashangaa hakuna aliyelifikiria. Kuna moja inauzwa hapa mjini. Futi ishirini na nne. Ni ndogo kidogo. Leo tumeichora kwa chaki kwenye zege la Jonelle. Tess alipiga hodi kabla ya kuingia. Boone alipita ukutani. Tunaenea, ilimradi tuwe tumekaa.

Nikampigia Verla. Wazo lote sikumwambia, ana presha. Akauliza bomba la Virginia Magharibi lina urefu gani. Nikamwambia hilo sijauliza, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza. Nikasikia kitu kinalia kwii, kwii. Nakijua. Amekitoa handakini akakiweka sebuleni. Nikamuuliza anafanya nini na kiti changu. Akasema, "Si nilikwambia nitakikalia?"

Kuhusu stika: alitembea nayo dukani, na makaburini alipokwenda kumwekea mumewe maua, na hakuna aliyemwambia. Aliiona jioni akivua blauzi. Sasa iko kwenye mlango wa friji yake. Amesema hivyo tu, kisha akapenga kamasi. Kisha akaniambia nitaje ninachohitaji, mume wa Opal atapeleka posta. Nimemtajia vichache. Vilivyobaki naandika hapa nimsomee kesho:

Kikaango cha chuma. Humu kila kitu kinagandia, na mimi sina nguvu ya kukwangua.

Mfarishi. Dakota haijaambiwa kwamba ni Juni.

Saa ya ukutani. Watoto wakilala mchana, hakuna kitu humu ndani kinachotoa sauti.

Kitanda cha Boone hapana. Shuka zake tu.

Kutoka boksi la Krismasi, ile nyota. Tess ameiulizia.

Vijiko vitatu.

Kiti asitume. Akikalie.

Karatasi mbili za stika nyekundu. Za bluu zipo, Tess anazilalia.

Na lile bango langu la VYOTE VINAUZWA, nyuma ya gereji yake. Misumari ninayo.